Nilikiunguza Mimi

Kinanda cha parokia yetu hapa Piana-Mwanga hakikuharibiwa na maji. Nilikiunguza mimi, nikanyamaza, na lawama akabebeshwa kijana aliyekuwa akikipiga vizuri kuliko mimi.

Mgeni hushangaa akisikia kwamba kwetu umeme ni shida. Wabelgiji walijenga kituo cha umeme hapa, kwenye mto Luvua, miaka ya 1930, ili migodi ya bati ya Manono ipate nguvu. Vita vya mwisho wa miaka ya 1990 vikakinyamazisha kwa miaka mingi. Basi kinanda chetu kilikula betri sita kubwa za tochi, na misa ndefu ya Pasaka ilizimaliza kabla ya komunyo. Mimi, mwalimu wa kwaya niliyetoka Kalemie na sifa ya ufundi, nikawacheka waumini: paneli ya sola mnayo, betri ya gari mnayo, za tochi mnanunua za nini?

Kalemie nilizoea Casio ya zamani, ya volti 9, iliyotaka hasi katikati ya plagi. Yamaha ya parokia ilitaka volti 12, tena chanya katikati. Habari hiyo imechorwa kando ya tundu la waya: nukta ndani ya duara lililokatika, alama ya kujumlisha upande mmoja, ya kutoa upande wa pili. Niliiona mchana kweupe, sikujishughulisha kuisoma. Nikaunga plagi kwa lehemu kwenye waya wa betri ya gari kama nilivyozoea, nikaichomeka Jumamosi nikiwa peke yangu kanisani. Kioo hakikuwaka hata kidogo. Ikaja harufu ya plastiki inayoungua, kisha joto chini ya vibonye vya besi. Vinanda vingine vina dayodi ya kuzuia balaa kama hilo. Hiki hakikuokoka.

Nikakifunika kitambaa chake, nikaenda zangu.

Jumapili kijana akabonyeza, kimya. Mama mmoja akakumbuka kwamba aliwahi kuona chupa ya maji juu ya kinanda, ya kijana yule. Wanakamati wa parokia wakanigeukia: "Mwalimu, maji yanaweza kukiua?" Nikajibu, "Yanaweza." Na kweli yanaweza, ndiyo maana jibu lilinitoka bila kigugumizi.

Niseme na la wivu, maana bila hilo maungamo haya ni nusu. Kijana yule alijifunza kwa sikio tu. Wimbo wa Kiluba ukianzwa juu au chini, vidole vyake viliufuata huko huko. Mimi nilibonyeza kibonye cha kuhamisha sauti nikabaki kwenye do yangu ileile, na wanakwaya walikuwa wameanza kuona tofauti. Nilipenda kuwasimulia habari za Ray Lema, aliyeingia seminari akiwa mtoto, akapiga ogani huko, na mwaka 1974 akawa mkurugenzi wa muziki wa Baleti ya Taifa ya Zaire. Niliwaambia vipaji vya namna hiyo vinaweza kutoka popote. Kilichotoka mbele ya macho yangu nikakifungia mlango.

Walimtoa kwenye kwaya, wakamdai baba yake fedha. Alinijia nyumbani jioni. "Papa Mwalimu, chupa ilikuwa imefungwa." Nikamwambia avumilie, wazee hawabishiwi.

Nimekwisha ungama kwa padri, na hilo halikuniaibisha mbele ya mtu yeyote. Nimemrudishia baba yake fedha zake, na kinanda nakilipa kidogo kidogo. Sasa wanakamati wanataka neno liishie kikaoni, ati heshima ya mwalimu isivunjike. Sikubali. Kijana alitajwa mbele ya waumini wote, wakati wa matangazo ya Jumapili. Naomba jina lake lisafishwe wakati huohuo wa matangazo, mbele ya waumini walewale, nami nikiwa nimesimama wanione.