Mahari, Mwaka wa Kwanza na Shahada ya Pili



Wiki hizi simu yangu imejaa picha za magauni, bei za mapambo na kurasa za chuo kikuu cha Marekani. Harusi yangu inshaAllah ni Mfungo Mosi. Na tangu mwaka jana nina nia ya kusoma shahada ya pili ya sayansi ya kompyuta kwa njia ya intaneti. Kila nikimwambia mtu, ananiuliza swali lile lile: sasa utaolewa au utasoma? Nimelifikiria sana, na leo nawaandikia jinsi nilivyopiga hesabu, maana najua humu wapo wenzangu wenye swali kama hili.

Chuo chenyewe ni Georgia Tech, kiko Atlanta. Shahada hii waliitangaza mwaka 2013, wanafunzi wa mwanzo wakaanza Januari 2014, na kilichowashangaza watu ni bei: walisema itakuwa chini ya dola 7,000 kwa shahada nzima. Ada hubadilika, kwa hiyo angalieni wenyewe kabla ya kupanga, lakini bado ni sehemu ndogo tu ya gharama ya kwenda kukaa Marekani. Kozi ni 10, unalipa muhula kwa muhula kwa zile ulizochukua, na cheti hakiandikwi kuwa ulisoma mtandaoni. Anayetaka kukitumia serikalini basi aulizie TCU mapema, maana wao ndio wanaotambua shahada za nje. Dar es Salaam nako shahada hizi zipo, na nzuri, lakini mimi siwezi kuvuka bahari kila wiki na kazi yangu iko Mjini.

Kwa nini hasa naitaka? Ofisini wananiita mtu wa kompyuta, lakini siku nyingi kazi yangu ni kufufua printa. Nataka kujua mashine inafanya nini ndani, siyo kuizima na kuiwasha tu. Mihadhara ya baadhi ya kozi zao iko wazi kwa kila mtu bila malipo, kwa hiyo nilijipima kwanza: mwezi mzima, kila baada ya Isha, nilisikiliza ile ya mifumo endeshi. Kuna usiku niliolala na kichwa kinauma. Lakini asubuhi nilitaka kuendelea, na hilo lilinitosha.

Fedha ndiyo ilileta maneno nyumbani. Mkopo wa riba sikuutaka hata kidogo, na kulipa kidogo kidogo kwa muhula kumenisaidia hapo. Lakini hata hicho kidogo kitoke wapi? Nikasema kitatoka kwenye mahari yangu. Mama aliweka chini kikombe cha chai. Kwetu mahari huishia kwenye kitanda, kabati na meza ya kujirembea, wageni waje waone. Akaniambia, "Watu watasema mahari imeliwa na kompyuta." Nami namheshimu mama yangu, lakini Suratun-Nisaa aya ya 4 iko wazi kwamba mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe, siyo ya kabati. Tulielewana hivi: kitanda kizuri kitakuwepo, kabati litakuwa la kawaida, na kinachobaki kinalipa kozi za mwanzo. Baba aliposikia alisema neno moja, "Kasome," akarudi kwenye redio yake.

Sasa lililonikosesha usingizi. Chuo kina sharti: ndani ya miezi 12 ya mwanzo lazima umalize kozi mbili za msingi kwa daraja B au zaidi. Yaani mwaka wa kwanza wa shahada ndiyo mgumu, na mimi huo huo ndio mwaka wangu wa kwanza wa ndoa. Somo yangu, Mungu amhifadhi, hajui kozi wala B, lakini alilipiga jambo pale pale. "Mwanangu, mwaka wa kwanza usimpe mume mgongo." Wako watakaosema hayo ni mambo ya kizamani. Mimi siyaoni hivyo. Mtu anayekaa mbele ya skrini saa 12 au 15 kwa wiki, baada ya kazi, kweli anampa mtu mgongo, na bora lisemwe kabla ya nikaha kuliko kugunduliwa baada ya fungate.

Basi nikaomba kikao. Mchumba wangu alikuja, kaka yangu akakaa nasi barazani, na nikaweka karatasi mezani. Mihula ni mitatu kwa mwaka: Agosti, Januari na Mei. Nikianza Agosti baada ya harusi na kuchukua kozi moja kila muhula, ndani ya miezi 12 nina nafasi tatu na ninahitaji kufaulu mbili. Moja ni akiba. Muhula wa Januari ndiyo mzito, kwa sababu miaka hii Ramadhani inaangukia humo, na ni Ramadhani yangu ya kwanza ya kumpikia mtu futari.

Akauliza, "Na ukipata mimba?" Kaka akatazama dari. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi ya ile nafasi ya akiba, na muda wa kumaliza shahada nzima unafika miaka 6.

"Na usiku wa mtihani mimi nitakula nini?"

"Urojo," kaka akamjibu. Tukacheka sote.

Halafu akanyamaza, kisha akasema lililokuwa moyoni mwake: "Naogopa usije ukamaliza ukaiona Unguja ndogo." Wallahi sikutegemea. Ningeweza kumwapia kwamba haitatokea, lakini sijui nitakuwa nani baada ya miaka minne, naye hajui. Nilimwahidi kitu kimoja tu, kwamba neno la kuhama halitaamuliwa na mmoja wetu peke yake. Alikubali, akasema na yeye anafungwa na ahadi hiyo hiyo.

Kuhusu kuliandika suala la masomo kama sharti la ndoa, nilimuuliza sheikh wetu. Wanachuoni wametofautiana: Hanbali wana upana zaidi katika masharti anayoweka mke kuliko madhehebu ya Shafii tunayoifuata wengi huku. Akanishauri tuliandike kama makubaliano, mawalii wakilijua, na ndivyo tulivyofanya. Nendeni mkaulize kwa masheikh wenu, mimi siyo mufti.

Na kuna dogo ambalo kwangu siyo dogo. Mitihani mingi inasimamiwa na programu inayokurekodi kwa kamera, wewe na chumba ulichomo. Mimi nitakaa na hijabu yangu, hilo halina shida. Shida ni nyumba ya ukweni, wifi anaingia na kanga moja kutafuta chaja, na sura yake imeshafika Marekani. Kwa hiyo nimeomba chumba kimoja chenye mlango unaofungwa kwa ufunguo. Katika yote niliyoomba, hili ndilo alilolikubali haraka kuliko yote. Kesho yake alimleta fundi kupima kitasa.

Maombi ya Agosti naandika sasa. Yanataka watu watatu wa kukutolea barua za kukupendekeza. Wawili wamekubali. Wa tatu ni mwalimu wangu wa zamani, yuko Umra, namngoja arudi.