Picha ya Mjomba Ziwani Kivu

Sisi wa Kigali hatuna bahari. Kutoka hapa mpaka pwani ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na wengi wetu bahari tumeiona katika picha tu. Nami ni picha hizo zilizonivuta. Siku moja katika chama chetu cha picha hapa shuleni, Mwalimu alituonyesha picha za bahari ambamo mawimbi yamekuwa laini kama moshi, na mawe yamesimama katikati kana kwamba yako juu ya mawingu. Akatueleza kwamba hiyo si hila. Mpiga picha ameiacha kamera wazi kwa muda mrefu, pengine nusu dakika nzima, na maji yaliyokuwa yakienda na kurudi yamejiandika mara nyingi hata yakawa kitu kimoja. Tangu siku ile sikuwa na raha mpaka nami nijaribu.

Bahari sina, lakini ninaye mjomba Karongi, mji ambao wazee bado huuita Kibuye, kando ya Ziwa Kivu. Ziwa hilo lina ukubwa wa kilomita za mraba 2,700 hivi, na liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Mjomba alikuwa mvuvi wa sambaza. Huko huvua usiku kwa taa, mitumbwi mitatu ikiwa imefungwa pamoja, na miti mirefu ya kushikia wavu imechomoza mbele na nyuma.

Likizo ya mwaka jana tulipata habari kwamba Mjomba ataacha kazi hiyo kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Mama akaniambia, "Mwanangu, ndugu yangu amevua tangu ujana wake, wala hatuna hata picha moja yake akiwa kazini. Nenda na hiyo kamera yenu." Basi nikaazima kamera, stendi ya miguu mitatu, na kile kioo cheusi kinachofungwa mbele ya lenzi, nikapanda basi Nyabugogo.

Asubuhi ya kwanza niliharibu mambo mengi. Kwanza nilikifunga kioo cheusi kabla ya kurekebisha lenzi. Kioo hicho hupunguza mwanga mara 1,000 hivi, kwa hiyo sikuona kitu, na picha zikatoka na ukungu. Nilipotambua kosa nikakiondoa, nikalenga jiwe lililo majini, kisha nikakirudisha taratibu. Hesabu yake si ngumu. Bila kioo kamera ilitaka sehemu moja ya 30 ya sekunde. Ukizidisha mara 1,000 unapata sekunde 33 hivi, nami nikaweka 30.

Kosa la pili lilikuwa la mbingu. Nilipima mwanga wa maji, ambayo yalikuwa meusi, na mbingu ikatoka nyeupe kama karatasi. Shida hiyo ni ya zamani sana. Mfaransa Gustave Le Gray, katika picha yake mashuhuri ya wimbi kubwa ya mwaka 1857, alipiga mbingu peke yake na bahari peke yake, kisha akaziunganisha. Isitoshe, mstari wa maji na mbingu niliuweka katikati kabisa, ukaikata picha vipande viwili vilivyo sawa, na jicho lisijue liende wapi.

Lakini kosa kubwa sikuliona mpaka Mjomba alipofika. Alikuwa ametoka ziwani pamoja na wenzake, na mimi nilikuwa nimepiga picha mitumbwi yao ilipokuwa ikiingia. Akakitazama kioo cha kamera kwa muda, akasema, "Maji yako ni mazuri, mpwa wangu. Sisi tulikuwa wapi?"

Nikatazama. Jiwe lilikuwapo, kisiwa kilikuwapo, maji yalikuwa laini kama maziwa. Mitumbwi haikuwapo. Palikuwa na alama ya kijivu tu, kama moshi wa jiko uliopita. Kwa sekunde zote 30 walikuwa wakienda, na kila mahali walipopita walikaa kidogo mno hata kamera isiwaone. Nilikuwa nimetumwa kumleta Mjomba kwa Mama, nami nilikuwa nimemfuta! Niliona haya, nikashindwa kula chakula cha mchana.

Usiku sikulala upesi. Nilifikiri hivi: kamera iliyo wazi kwa muda mrefu huhifadhi kile kinachotulia tu. Kwa hiyo anayepanga picha ya namna hii hana budi kuchagua kwanza kitakachotulia, kisha aulize ni sekunde ngapi kinaweza kutulia. Jiwe litatulia mwaka mzima. Mjomba je?

Kesho yake niliamka mapema zaidi. Jua la Karongi huchomoza nyuma ya milima, na kabla halijatoka, mbingu iliyo juu ya ziwa na maji yenyewe huwa na mwanga unaokaribiana. Sikuhitaji kile kioo cheusi hata kidogo, maana giza lenyewe lilinipa sekunde nne. Nikaishusha stendi karibu na ardhi, nikatundika mfuko wa mawe katikati yake isitikisike, nikapandisha mstari wa ziwa juu ili nafasi kubwa iwe ya ufuko. Nikaiweka kamera isubiri sekunde mbili kabla ya kujifungua, kidole changu kisiitikise.

Wavuvi walipofika na kuvuta mitumbwi ufukoni, nikamwomba Mjomba aketi mbele ya mmoja uliokwisha kukaa imara mchangani, asiseme, wala asipumue kwa nguvu. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili aligeuka kumjibu mtu. Mara ya tatu aliweka mikono magotini, akalitazama ziwa, akatulia kama jiwe.

Picha hiyo imetundikwa kwetu Nyamirambo. Mstari wa ziwa umeinama kidogo kulia, na Mwalimu amenionyesha kosa hilo kwa haki. Wenzake Mjomba, waliokuwa wakishusha sambaza, wamekuwa vivuli tu. Lakini yeye yupo, kila mkunjo wa uso wake unaonekana, na maji nyuma yake ni laini. Mama alipoipokea hakusema juu ya maji. Alisema, "Ndiye."

Mjomba aliacha uvuvi mwezi wa Desemba.

Basi, wenzangu mtakaokwenda ziwani na kamera, msianze na kuhesabu sekunde. Tazameni kwanza ni nani asiyepaswa kupotea katika picha, kisha mpeni muda anaoweza kuutulia.