Kwa Nini Niliondoa Mfumo wa Kiwandani kwenye Simu Yangu

"Yaya, hii telefone haiko ya kwiba?"

Hilo ndilo swali la kwanza aliloniuliza fundi wa simu kwenye soko la Kadutu, hapa Bukavu, nilipomwambia kwamba nataka kufuta mfumo uliokuja na simu yangu na kuweka mwingine. Sikukasirika. Wengi wanaompelekea kazi ya kuflashi wana simu zilizofungwa kwa nenosiri wasilolijua, naye ana haki ya kujihadhari. Nilimfungulia simu mbele yake, nikamwonyesha picha zangu na ujumbe wa mama, nikamsikilizisha sauti ya nyanya yangu iliyorekodiwa humo. Akacheka, akasema: "Sasa kama iko yako, unafuta ya nini?"

Swali lake la pili ni gumu kuliko la kwanza. Makala haya ni jaribio langu la kulijibu. Na kwa kuwa jibu nimelipata baada ya hasara, hasara yenyewe nitaieleza pia, hasa kwa faida ya wenzangu wanaojiandaa kwenda kukusanya data.

Nilinunua simu hiyo mwaka 2021, ikiwa imekwisha kutumika, kwa dola 45. Ilitoka kiwandani mwaka 2014 ikiwa na Android 4.4. Kampuni iliyoitengeneza iliipandisha hadi Android 6, kisha ikanyamaza. Sitaitaja, kwa sababu si yenyewe tu iliyofanya hivyo. Mwili wa simu ulikuwa mzima: kioo, spika, maikrofoni, na betri unayoweza kuitoa kwa kucha. Kilichozeeka kilikuwa programu. Hifadhi yake ilikuwa GB 16, na sehemu kubwa ilikuwa imekaliwa na mfumo wenyewe pamoja na programu ambazo sikuzichagua. Programu hizo hazikuwa na kitufe cha kuziondoa. Unaweza kuzilaza, kuzitoa huwezi. Na kila mojawapo ilipojisasisha, sasisho lake lilikaa kwenye nafasi yangu. Tundu la kadi ya kumbukumbu lilikuwa limekufa tangu enzi za mwenye simu wa kwanza.

Kwa mtu anayetaka kupiga simu na kutuma ujumbe, hayo si mateso. Mimi nilikuwa nakusanya sauti. Nyanya yangu ni Mlega wa upande wa Mwenga. Kilega, ambacho katika orodha ya Guthrie kina namba D25, kina irabu saba na toni. Ukikosa kusikia vizuri umekosa maana. Walega wana desturi inayojulikana ya kamba ya methali: kamba iliyotungikwa vitu vidogo vidogo, ganda, unyoya, kipande cha mti, na kila kitu ni methali moja. Nyanya hana kamba, ila methali anazo, na hadithi anazo zaidi. Wakati wa kiangazi cha 2022 alikuja Bukavu kutibiwa macho, akakaa kwetu wiki tatu. Nilimrekodi karibu kila jioni.

Kinasa sauti kilichokuja na simu kilihifadhi sauti katika muundo wa AMR, uliobuniwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu. Huo huchukua sampuli 8,000 kwa sekunde, kwa hiyo hauwezi kuhifadhi chochote kilicho juu ya Hz 4,000. Aliyesoma fonetiki anajua maana yake: nguvu nyingi ya sauti kama s iko juu ya hapo. Nilipofungua faili zangu katika Praat kwenye kompyuta ya kitivo, mstari wa toni ulionekana, lakini baadhi ya konsonanti zilikuwa kama vivuli. Hata kuandika kulikuwa taabu. Niliponukuu maneno ya nyanya kwa ɛ na ɔ zenye alama ya toni, alama ilielea pembeni ya herufi kama kofia iliyopeperushwa na upepo.

Mwenzangu mmoja alinishauri nisakinishe kinasa sauti kingine, niachane na mambo ya kuflashi. Nilimsikiliza, nikakisakinisha, na kilifanya kazi nzuri. Lakini faili ya WAV ya njia moja, kwa kHz 44.1 na biti 16, inakula zaidi ya MB 5 kwa dakika. Saa moja ni zaidi ya MB 300. Baada ya mazungumzo mawili simu ilisema imejaa. Ndipo nilipojikuta naulizwa na simu nifute nini, na orodha iliyo mbele yangu ni sauti za nyanya tu. Mchezo wa magari ambao sijawahi kuufungua haukuwemo katika orodha hiyo, maana huo ulikuwa wa kiwanda.

Hapo ndipo nilipoamua. Ningependa msomaji aelewe kwamba jambo hili linawezekana kwa sababu za kisheria, si kwa ujanja wa mafundi. Kiini cha Android ni Linux, na Linux inatolewa kwa leseni ya GPL, toleo la 2, la mwaka 1991. Leseni hiyo inamdai kila anayesambaza kiini hicho, hata akiwa kampuni kubwa, atoe pia msimbo wake. Sehemu kubwa ya Android yenyewe pia imewekwa wazi. Kwa hiyo watu wanaojitolea wanaweza kuuchukua msimbo, kuurekebisha na kuutengenezea simu ambayo mwenyewe kaitelekeza. Mradi wa CyanogenMod ulianza hivyo mwaka 2009. Ulipofungwa mwishoni mwa 2016, wengine wakauendeleza kwa jina la LineageOS. Simu yangu ya 2014 ilikuwa katika orodha yao, na toleo lililokuwepo, 18.1, limejengwa juu ya Android 11.

Kazi yenyewe si ndefu kuisimulia. Unatafuta namba kamili ya modeli ya simu yako, si jina la dukani tu, kwa sababu faili ya modeli jirani inaweza kuigeuza simu kuwa tofali. Unapakua mfumo, mimi nilimaliza mega za wiki nzima. Unahakikisha faili haikuharibika njiani. Unafungua mlango wa programu inayoamsha simu, unaweka programu ndogo ya uokoaji, na kutoka humo unafuta kila kitu na kuandika mfumo mpya. Nilihitaji kompyuta ya yule fundi na waya wake. Umeme ulikatika mara moja, kwa bahati kabla hatujaanza kuandika.

Kabla ya kufuta, fundi aliniuliza: "Umekopia vitu yako yote?" Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimefungua folda ya sauti kwenye kompyuta, nikaona faili tisa, nikazinakili. Sikuzihesabu dhidi ya daftari langu. Daftari lilikuwa na rekodi kumi na moja.

Mbili zilizobaki ndizo nilizorekodi kwa kile kinasa sauti kipya. Chenyewe huweka faili zake katika folda yake ya ndani, ambayo kompyuta haiioni kwa waya. Ndizo rekodi pekee zilizokuwa na sauti safi. Ya kwanza ilikuwa hadithi ya kobe na chui. Ya pili haikuwa hadithi: nyanya alisimulia jinsi alivyotembea kwa miguu akiwa bi arusi kutoka kijiji chao hadi Kamituga, na waliomsindikiza, na walilolala njiani wakiliogopa. Niligundua kosa jioni, nyumbani, simu ikiwa imewaka vizuri na mfumo wake mpya. Nilikaa kitandani nikiishika kama mtu aliyeshika risiti.

Siwezi kusema kwamba mfumo mpya ni mbaya. Nafasi ya bure ilipanda ikawa zaidi ya GB 8. Kinasa sauti cha LineageOS kinaweza kurekodi WAV chenyewe, na faili zake zinaonekana. Alama za toni sasa zinakaa juu ya irabu zake. Katika orodha ya lugha, ambayo tangu Android 7 inakuruhusu kuzipanga kwa utaratibu unaoutaka, nilichagua Kiswahili cha Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kisha Kifaransa. Maneno niliyoyaona yalikuwa ya sanifu, lakini nchi yangu iliandikwa hapo.

Siwezi pia kusema kwamba ni mzuri bila gharama. Kamera ilishuka, kwa sababu ufundi wa kampuni wa kusafisha picha haukuwekwa wazi. Programu ya benki moja ilikataa kufunguka, ikidai kwamba kifaa kimebadilishwa. Nikabaki kutuma pesa kwa menyu ya nyota, ambayo inapita kwenye mtandao wa simu na haijali mfumo gani uko ndani. Mlango nilioufungua ili niingie mimi unaweza kumpitisha hata mwizi mwenye waya. Na simu yangu inategemea mtu mmoja au wawili wanaojitolea, nisiowajua. Wakichoka, modeli yangu inatoka kwenye orodha.

Sentensi hii ya mwisho inapaswa kutushtua sisi wanafunzi wa lugha, kwa sababu tunaijua. Lugha yenye watunzaji wachache inaishi hivyo hivyo. Kiswahili sanifu kilikuwa na kamati tangu 1930, kikajengwa juu ya Kiunguja, kikapata kamusi na vitabu vya shule. Kiswahili cha yule fundi, chenye "haiko ya kwiba", kina msimbo wake katika orodha ya ISO, swc, lakini hakina kiwanda. Kinatunzwa na watu wanaokisema sokoni kila siku. Katika semina zetu tunapenda kuuliza kipi ni bora. Baada ya mambo ya simu yangu, swali langu limebadilika: nani anakitunza, na akichoka yeye, nani anachukua zamu? Anayeacha cha kiwandani na kushika cha kwake amechukua zamu, ajue asijue. Mimi sikujua.

Nilimfuata nyanya Kamituga baada ya miezi saba. Barabara ile tunaifahamu; wakati wa mvua malori hulala njiani, na mimi nililala nayo usiku mmoja. Nilimweleza ukweli: kwamba nilisafisha simu, na maneno yake mawili yakaenda na uchafu. Alinisikiliza huku akichambua maharagwe.

Hadithi ya kobe alinipa tena jioni ile ile. Ilikuwa fupi kuliko ya kwanza, na safari hii chui hakufa. Nilipomuuliza kwa nini, alisema chui hufa kukiwa na watoto wengi. Nikaomba ile safari ya uarusi. Akatikisa kichwa.

"Ya kobe ni ya watu wote, mjukuu wangu, nitakupa kila ukiomba. Ile ilikuwa yangu. Nilikwisha kukupa. Uliiweka wapi?"

Sikuwa na la kujibu. Kama ingepotea ndani ya mfumo wa kiwandani, ningeilaumu kampuni, na labda nyanya angenionea huruma. Lakini mfumo niliuchagua mimi, na aliyesema "ndiyo, nimekopia" ni mimi.

Fundi wa Kadutu, nikirudi kwako: nilifuta kwa sababu simu ilikuwa yangu kwa risiti tu, na nilitaka iwe yangu kwa kazi. Ningefuta tena. Ila sasa nahesabu faili dhidi ya daftari, nafungua kila nakala na kuisikiliza hadi mwisho, naiweka mahali pawili, ndipo naigusa simu. Hiyo ndiyo sehemu ambayo kampuni haikunifundisha, kwa sababu haikutarajia kwamba ningekuja kuihitaji.

Nyanya bado yuko Kamituga. Ninampigia kila Jumapili, na ile safari siiulizi.