Fundi Asiyekosea

Nimekuwa fundi wa vyuma hapa Ruiru kwa miaka mingi. Natengeneza mageti, madirisha na vitanda, na wateja hunisifu. Sisemi haya kwa kujivuna, kwa maana sifa hizo ndizo zilizonipofusha. Niliamini kuwa anayekosea kazini ni mvivu au mjinga, na kwamba dawa yake ni ukali. Vijana waliokuja kwangu kujifunza kazi waliniogopa. Hata nyumbani, nikifungua mlango, redio ilipunguzwa sauti. Mimi niliita hiyo heshima.

Kijana mmoja aliletwa kwangu na mama yake, mjane. Alikuwa na bidii, lakini siku moja alipima vibaya vyuma vya geti la mteja, akavikata vifupi. Nilimfukuza watu wakitazama, na begi lake nikalitupa barabarani. Mama yake alipokuja kuniomba, nilimwambia karakana si chekechea. Usiku huo nililala usingizi mzuri. Nasema hivi ili ujue nilikuwa mtu wa namna gani.

Binti yangu mkubwa alipata nafasi ya kusomea uhandisi katika chuo kikuu cha JKUAT, pale Juja, kati ya Ruiru na Thika. Chuo hicho kilianza mwaka 1981 kwa msaada wa serikali ya Japani, na sisi wa barabara ya Thika tumekizoea kama jirani. Nilimtangaza kila mahali. Lakini alipoanza kunisimulia habari za roketi, nilikunja uso. Chuoni humo wako wanafunzi wa Mradi wa Nakuja, waliounda roketi na kuzipa majina N-1, N-2 na kuendelea. Yeye na wenzake wachache walivutiwa, wakataka kuunda ndogo ya kwao wenyewe.

Akaja karakana kuniomba nimtengenezee reli ya kurushia. Ni chuma kirefu kinachoishika roketi isiyumbe, mpaka ipate kasi ya kutosha mapezi yake yaweze kuinyoosha hewani. Nikamuuliza, vijana wangu wakisikia, "Hiyo roketi itanunua unga?" Nilicheka, nao wakacheka kwa sababu nilicheka. Binti yangu alichukua mkoba wake akaenda.

Miezi ikapita. Kisha akatuma ujumbe kwamba ruhusa ya kurusha imepatikana, mhadhiri wao atakuwepo, na familia zimekaribishwa. Nilitaka kusingizia kazi. Mke wangu akaniambia, "Mzee, mtoto huyu hakulazimika kukuita." Maneno hayo yaliniingia, ingawa sikuonyesha.

Jumamosi tulipanda matatu hadi Thika, kisha gari la kukodi likatupeleka upande wa Kilimambogo, kupita mashamba ya mananasi, hadi kwenye uwanda ulio wazi. Nilimkuta binti yangu akiwa msimamizi wa usalama. Akisema hapana, hakuna anayegusa kitu, hata mhadhiri. Walipomaliza maandalizi, jua lilikuwa limepanda na upepo umeamka. Akapima, akasubiri, akapima tena. Mwishowe akasema, "Leo haturushi."

Nilikasirika. Nilikuwa nimefunga karakana, mteja ananipigia simu, halafu naambiwa upepo! Akanieleza kwa upole kuwa roketi ikikutana na upepo mkali huinamia kule upepo unakotoka, na parachuti ikifunguka hubebwa mbali. Roketi ingeweza kuangukia shamba la mtu au barabara. Sikuwa na jibu, basi nikanuna.

Tulilala Makongeni, Thika, kwa dada yangu. Wakati wa chakula nililalamika kwamba mambo ya roketi si yetu, ni ya watu wenye mali. Binti yangu hakunikemea. Alitukumbusha kwamba setilaiti yetu, Taifa-1, ilipaa kwa roketi ya Falcon 9 kutoka California tarehe 15 Aprili 2023 baada ya safari kuahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa. Halafu akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei inayotoka angani, na ikapewa jina Uhuru. Aliyesimamia mradi huo huko NASA alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend.

Kitinda mimba wetu akauliza, "Na yenu ikianguka?"

"Tutaokota vipande tuvisome," dada yake akajibu.

Nilikesha nikiyageuza maneno hayo. Katika karakana yangu kitu kikiharibika, tulitafuta wa kumlaumu. Sikukumbuka hata siku moja tulipokaa kukisoma.

Jumapili alfajiri hewa ilitulia. Tulisimamishwa mbali, wakahesabu kurudi nyuma, binti yangu akabonyeza kitufe. Kimya. Mimi, kwa mazoea ya fundi, nikaanza kuiendea roketi nione kilichokwama.

"Baba, simama hapo!"

Hakuna mtoto wangu aliyewahi kuniamrisha, tena mbele ya watu. Nilisimama. Baadaye nilielewa kwamba mota ambayo haijawaka yaweza kuwaka ukiwa umeikaribia. Kwanza betri huondolewa, kisha watu husubiri, ndipo mmoja huenda kukagua.

Waligundua waya wa kiwashio ulikuwa umechomoka. Kijana mmoja mwembamba akainua mkono. "Ni mimi. Sikuukaza."

Viganja vyangu vililoa jasho kwa ajili yake. Nilingoja matusi, kwa sababu mimi ningetukana. Binti yangu aliandika daftarini, akamwambia, "Asante kwa kusema. Funga kingine, na mwenzako akukague." Basi. Kijana akaenda akafunga kingine, mikono yake imetulia.

Hapo ndipo nilipojiona. Yule niliyemfukuza angekuwa huyu. Naye alikosa kidogo kuliko huyu, maana vyuma vifupi havimchomi mtu. Kama pale uwanjani wangemwogopa msimamizi kama nilivyoogopwa mimi, kijana angeficha kosa lake, na siku nyingine mtu angeumia. Ukali wangu haukuwa umepunguza makosa karakana. Ulikuwa umeyafundisha kujificha.

Mara ya pili iliwaka. Mota iliungua sekunde chache tu, roketi ikaendelea kupanda kwa kasi iliyobaki mpaka tukaipoteza machoni. Parachuti ilichelewa kufunguka, pezi moja likavunjika roketi ilipotua. Wakakaa kwenye nyasi, kila mmoja akasema alichokiona. Ndipo binti yangu akanigeukia. "Baba, wewe ni mtu wa chuma. Umeona nini kwenye reli?"

Nilikuwa nimeona. Nikasema miguu yake ni myepesi, ilitikisika roketi ilipoanza kutoka, na kwamba aliyeichomelea... Nikanyamaza. Nilikumbuka ni nani aliyeombwa kuichomelea. Yeye aliandika tu maneno yangu, kama alivyoandika ya wengine.

Jioni, tukirudi Ruiru, nilimwomba msamaha. Akasema, "Nilikusamehe kitambo, Baba. La sivyo, ningekuitaje uje?" Sikustahili jibu hilo, na mpaka leo namshukuru Mungu kwalo.

Nilimtafuta yule kijana niliyemfukuza, nikampata Githurai akisukuma mkokoteni. Mama yake alinikaribisha chai kabla sijamaliza kusema kilichonileta. Kijana hakurudi mara moja, wala sikumlaumu. Alikuja wakati wake, na sasa ndiye anayepima vyuma kabla ya mimi kukata.

Sijapona kabisa. Hasira bado hunipanda, na kuna siku imenishinda, nikalazimika kuwaomba radhi vijana wangu mchana kweupe. Lakini tumeweka kanuni: kitu kikiharibika, tunazima mashine, tunarudi nyuma, tunasubiri, kisha tunauliza kimetokea nini kabla ya kuuliza ni nani. Reli mpya ya wanafunzi niliichomelea mimi. Walipoikagua walikuta mguu mmoja haujanyooka, wakanirudishia. Niliurekebisha, nikawaambia asante.

Ndugu unayesoma, huenda nawe ukiingia nyumbani watu hunyamaza, na unadhani ni heshima. Sikuhukumu, nimekaa hapo miaka mingi. Mfikirie mmoja tu uliyemfukuza, umwendee. Huenda asikupe chai, huenda asirudi. Nenda hata hivyo. Na unapoomba, nikumbuke nami, kwa maana kesho asubuhi nafungua karakana na kuna kijana mpya anayeanza.