Mgeni wa Virunga na Jiko la Mapendo

Sisi wa Mapendo, mjini Goma, tukisikia habari za utalii twazoea kusema: hayo ni mambo ya wageni na gorila wao. Kumbe sivyo. Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ya kwanza ya namna yake katika Afrika, i karibu sana na majiko yetu. Makala tununuayo, ambayo wenzetu wa Tanzania huyaita mkaa, sehemu kubwa yametoka katika miti yake, yakaletwa mjini kwa malori na kwa chukudu. Mwaka 2007 gorila kadhaa walipouawa kwa risasi, lawama ziliwaelekea wachuuzi wa makala.

Basi, mgeni aingia wapi hapa? Mtu atokaye mbali kuja kutazama gorila, au kupanda Nyiragongo, hulipa fedha nyingi. Fedha hizo huwalipa walinzi, waongozaji na wachukuzi. Tena yapasa ziwafikie majirani. Huko Uganda sheria huwapa majirani asilimia 20 ya kiingilio cha hifadhi. Rwanda ilianza mwaka 2005 kwa asilimia 5 ya mapato, ikaongeza hadi 10 mwaka 2017. Katika milima ya volkano tunayoshiriki na nchi hizo mbili, gorila walihesabiwa wapatao 254 mwaka 1981, na 604 katika hesabu ya 2015 na 2016. (Laiti sisi wanadamu wa milima hiyo tungalilindwa vivyo hivyo!)

Lakini mgeni ni kama ndege: akisikia bunduki, huruka. Mei 2018 mlinzi mmoja aliuawa na wasafiri wawili Waingereza wakatekwa; malango yakafungwa hata Februari 2019. Halafu ikaja korona, na tarehe 24 Aprili 2020 walinzi 12, dereva mmoja na raia wanne waliuawa karibu na Rumangabo. Januari 2025 vita viliingia Goma yenyewe. Twawaombea marehemu hao wote katika Misa. Wengi wao walikuwa baba wenye watoto.

Kwa hiyo twaona si busara msitu umtegemee mgeni peke yake. Twaisifu zaidi ile kazi ya Matebe, huko Rutshuru, ambako hifadhi ilifungua kituo cha umeme wa maji Desemba 2015, na umeme wake ukafika Goma. Mama apikaye kwa umeme huo hahitaji mti wa Virunga. Ila jiko la umeme lina bei yake. Mama anunuaye makala kidogo kidogo, ya chakula cha siku moja tu, atapata wapi fedha ya jiko kwa mara moja? Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alitufundisha tusitenge shida ya dunia na shida ya maskini. Nasi twawaomba wakuu wa hifadhi: wageni watakaporudi, sehemu ya fedha zao iwekwe kwa mikopo ya majiko, na hesabu isomwe hadharani, kwa Kiswahili, mbele ya akina mama wa Mapendo.