Tapeli wa Ajira Huvaa Nguo za Mji Aliomo

Nyumbani kazi hutafutwa kwa kujuana. Huku Uingereza hutafutwa kwa fomu. Tapeli wa ajira anaijua tofauti hiyo vizuri sana, na kila mahali anakuja na sura ya mahali hapo.

Nyumbani tangazo linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp: mgodi, bandari, kiwanda kipya, shirika la misaada. Kidato cha nne, uzoefu si lazima, nafasi chache. Ukipiga simu unapokelewa na sauti ya upole inayosema jina lako limeshapita, ila kuna wengine wanaigombea nafasi hiyo hiyo, kwa hiyo tuma hela ya sare na ya kupima afya leo, kazi uanze Jumatatu. Namba ya kutumia hela ni ya mtu binafsi. Watu husema kijana kapigwa kwa sababu ya tamaa. Mimi sikubaliani nao. Kijana aliyekua akiona nafasi zikigawiwa kwa mtoto wa fulani, na bahasha ikitangulia, atashangaaje akiombwa kidogo? Anaona hatimaye na yeye kapata mtu wa ndani.

Huku hakuna anayekuomba bahasha. Tapeli wa Uingereza anavaa utaratibu. Anakuletea fomu, usaili wa kuandikiana, mkataba wenye kurasa nyingi, kisha anataka pasipoti, kibali cha makazi na namba ya bima ya taifa kabla hamjaonana uso kwa uso. Kwa karatasi hizo mtu anaweza kukopa kwa jina lako. Mwingine anakupa kazi ya kubofya video na kuzipa hoteli nyota kupitia simu. Siku ya kwanza analipa kweli, pauni chache, ili umwamini. Baadaye inakuja kazi "maalumu" inayotaka uweke fedha zako kwanza. Ya hatari zaidi kwetu wageni ni ile ya kupokea malipo ya wateja kwenye akaunti yako na kuyapeleka kwingine huku ukibaki na asilimia. Huo ni utakatishaji wa fedha, na sheria ya mwaka 2002 imeuwekea kifungo cha hadi miaka 14. Polisi wakifuatilia, jina lililoko benki ni lako.

Dunia hizi mbili hukutana kwenye kazi za Ulaya zinazouzwa nyumbani. Februari 2022 Uingereza iliruhusu wahudumu wa wazee na wagonjwa waje kwa viza ya kazi. Julai 2025 mlango huo ulifungwa kwa waombaji wapya walioko nje. Matangazo yake bado yanazunguka.

Binamu yangu aliwahi kunitumia barua ya namna hii. Hoteli ya London, nembo imevutwa mpaka ikaingia ukungu, barua pepe ya Gmail, mshahara pauni 4,800 kwa mwezi kwa kuosha vyombo, chakula na malazi bure. Chini kabisa: ada ya viza ilipwe kwa wakala, aliyetajwa kwa jina moja tu. "Dada, wanasema mwisho leo saa kumi na moja."

Niliikagua barua hiyo kwa mambo matatu. Kwanza, kuosha vyombo hakumo kabisa katika kazi zinazopewa viza ya ujuzi. Pili, serikali ya Uingereza inaweka wazi kwenye tovuti yake ya GOV.UK orodha ya waajiri wote wenye leseni ya kudhamini wafanyakazi kutoka nje. Hoteli ile haikuwemo. Companies House, yaani msajili wa kampuni wa Uingereza, nako unaangalia bure kampuni ilisajiliwa lini na wakurugenzi wake ni nani. Tatu, sheria ya nchi hii ya mwaka 1973 inamkataza wakala kumtoza mtu ada ya kumtafutia kazi kama hiyo. Hata jina likiwemo kwenye orodha usitulie, kwa maana matapeli huazima majina ya kampuni halali: piga namba iliyoko kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, achana na ile ya kwenye barua.

Nyumbani nako pa kuuliza papo. Nafasi za utumishi wa umma Tanzania huombwa bure kupitia Ajira Portal. Kenya, Mamlaka ya Taifa ya Ajira hutoa orodha ya mawakala wenye leseni. Kuuliza huko kunaweza kuokoa zaidi ya fedha. Mwaka 2022 serikali ya Kenya ilitangaza kuwaokoa raia wake walioahidiwa kazi Thailand wakajikuta Myanmar, wamefungiwa, wakilazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Walioitikia tangazo la uongo ndio waliogeuzwa kuwa vibarua wa uongo huo.

Kuripoti ujumbe wa kitapeli, Tanzania unautuma kwenda namba 15040, huku Uingereza 7726. Na kwenu mlioko nje: ndugu akikutumia barua ya ajira, ifungue siku hiyo hiyo, hata ukiwa umetoka zamu ya usiku. Matapeli huweka mwisho wa kulipa uwe leo jioni, na anayesubiri jibu lako ana watu wanaomhimiza auze simu ili alipe.