Ukoga wa Mtungi

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Binti mmoja, mwanafunzi wa Kiswahili chuoni, alikuwa ameifafanua methali hii katika mitihani mara kadha wa kadha kabla ya kuielewa. Aliielewa mwaka 2023, nyumbani kwa nyanyake katika mtaa wa Pumwani, wakati ambapo kipindupindu kilichozuka nchini Kenya mnamo Oktoba 2022 kilikuwa kingali kinasambaa, naye ndugu yake mdogo wa miaka sita akawa miongoni mwa walioshikwa.

Pumwani ni mmoja wa mitaa mikongwe zaidi ya Eastlands jijini Nairobi. Ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na hasa katika sehemu ya Majengo, Kiswahili kimekuwa lugha ya barazani, jikoni na msikitini kwa vizazi vingi. Maji, kwa upande wake, hayana ukaazi wa namna hiyo. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, nayo hufikia mitaa kwa mgao. Mfereji ukinyamaza siku tatu kisha ukarejea, maji ya kwanza huja na rangi ya chai, kwa kuwa mkondo hukwangua yaliyoganda ndani ya mabomba. Kwa hiyo kila nyumba huweka akiba katika mitungi ya plastiki ya lita ishirini, yenye mdomo mwembamba usiopitisha mkono wa mtu mzima.

Mtoto alipolazwa, Nyanya hakulia. Aliketi kwenye mkeka akirudia maneno yale yale: "Nimetia dawa, mjukuu wangu. Kila siku nimetia dawa." Naam, alikuwa ametia. Matone ya klorini aliyahesabu kama ahesabuvyo tasbihi. Mtoto alirudishiwa maji mwilini na siku ya nne akarejea nyumbani akiitisha uji, lakini swali lilibaki sebuleni kama mgeni asiyeaga. Je, maji ya Nyanya ndiyo yaliyotaka kumuua? Jirani mmoja alikuwa amekwisha kunong'ona kuwa nyumba ile haina usafi. Kwa mwanamke ambaye kwa miaka sabini ameishi kwa kujitwaharisha, hakuna tusi lililo zito kuliko hilo.

Usiku huo mjukuu aliuinua mtungi mtupu, akaingiza vidole viwili mdomoni mwake na kupapasa ukuta wa ndani. Uliteleza. Aliyajua maelezo ya utelezi ule, kwani muhula huo alikuwa akiandika kazi kuhusu uundaji wa istilahi za sayansi ya vijidudu, na miongoni mwa dhana alizopewa ilikuwa hiyo hiyo: jamii ya bakteria wanaojishikiza juu ya kitu na kujifunika kwa ute wao wenyewe. Alikuwa ameipa jina utandohai, na alilionea fahari.

Alichokuwa amekisoma ni kwamba bakteria aeleaye peke yake majini ni dhaifu. Akigusa ukuta, baadhi ya jeni zake huzimwa na nyingine huwashwa. Zinazozimwa ni pamoja na zile za mkia anaoogelea nao; zinazowashwa ni zile zinazotengeneza gundi ya sukari. Wenzake hujiunga, na gundi ikawa nyumba yao. Ndani ya nyumba hiyo klorini huishia mlangoni, ikimalizwa na ute kabla ya kuwafikia wakaao ndani. Ndivyo ilivyo pia kwa viuavijasumu: dozi inayowaua waeleao huweza kushindwa kabisa na waliojenga. Wengi wa wakazi hao hawana madhara, lakini vijidudu vya maradhi wakipita hupata hifadhi kwao.

Bakteria wa kipindupindu ana desturi yake ya pekee. Bakteria hawa hupelekeana habari kwa kemikali na kwa njia hiyo hujua idadi yao. Baadhi ya jamii za bakteria husubiri wawe wengi ndipo wajenge; yeye hujenga wakiwa wachache, na wanapokuwa wengi jeni za gundi hunyamazishwa, nao huanza kutawanyika. Mtu aliyemeza kibonge cha ute huo basi amemeza kundi zima, si mmoja mmoja.

Virusi navyo vina mkono wao. Mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos wa Marekani walionyesha kuwa jeni za sumu ya kipindupindu si mali ya asili ya bakteria huyo, bali aliletewa na kirusi kilichomwingia na kukaa katika urithi wake. Bila mgeni huyo, bakteria hana ile sumu inayomkausha mgonjwa maji. Virusi vingine hufanya kinyume: huwaua bakteria, na baadhi yavyo hubeba vimeng'enya vya kuyeyushia ute ili kumfikia aliyejificha. Vingine tena husaidia ujenzi. Mwaka 2015 watafiti walieleza jinsi virusi vyembamba kama nyuzi, vitokavyo kwa bakteria fulani wa majini na vidondani, vinavyojipanga ndani ya ute na kuuimarisha. Kwa hivyo kirusi kwa bakteria huweza kuwa adui, mpangaji au fundi mwashi.

Asubuhi mjukuu alijaribu kumweleza Nyanya mambo haya. Alianza na istilahi yake.

"Shikamoo, Nyanya. Tatizo la mitungi yetu ni utandohai."

"Marahaba. Uta nini?"

Alieleza kwa dakika kumi, akitaja jeni, gundi na virusi. Nyanya alisikiliza kwa adabu aliyowawekea maafisa wa afya. Hatimaye alitia kidole chake mdomoni mwa mtungi, akakitazama, akakisugua kwa kidole gumba.

"Huu si ukoga huu?" aliuliza. "Kama wa meno. Wewe nilikufunza kupiga mswaki ungali mdogo. Ukisukutua tu ukoga hutoka?"

Mjukuu hakuwa na la kujibu. Mnamo mwaka 1683 Antonie van Leeuwenhoek wa Delft, Uholanzi, alichokoa ukoga wa meno yake, akauweka chini ya lenzi zake na kustaajabia wingi wa viumbe waliocheza humo. Dhana aliyokuwa akiitafutia jina kwa miezi miwili ilianza kuonekana kwa binadamu katika ukoga. Kamusi alikuwa nazo tatu mezani, na neno lenyewe lilikuwamo ndani yake, likielezwa kuwa ni uchafu wa menoni, naye akalipita bila kulitazama mara mbili.

Siku hiyo walitia changarawe safi na sabuni katika kila mtungi, wakatikisa hadi mikono ikafa ganzi, wakasuuza mara tatu, kisha ndipo wakatia maji na klorini. Maji yaliyotoka yalikuwa na vipande vyembamba vya kijivu. Nyanya alivitazama kwa muda mrefu.

"Basi dawa yangu haikuwa na kosa," alisema.

"Haikuwa na kosa, Nyanya."

Iwapo maradhi ya mtoto yalitoka mtungini, shuleni au kwa mchuuzi wa juisi, hapakuwa na aliyeweza kuthibitisha. Lakini jioni hiyo Nyanya alimwita jirani yule aliyenong'ona, akamwonyesha mtungi uliosafishwa na mwingine ambao haukusafishwa, na kumwambia atie kidole. Kufikia Ijumaa changarawe zilikuwa zikilia katika mitungi ya plotini nzima, na watoto walikuwa wakiambiana, "Mtungi wenu una ukoga!"

Kazi ya mwanafunzi ilipowasilishwa, utandohai ulibaki katika jedwali, kwa kuwa mtaalamu huhitaji neno lisilochanganywa na lingine. Kando yake aliongeza ukoga, na hoja fupi kwamba istilahi yafaa ipimwe pia kwa mtu anayesugua mtungi. Mhadhiri wake hakukubali moja kwa moja. Aliandika pambizoni kwa wino mwekundu: "Ukoga ni wa meno. Thibitisha."

Mjukuu alilisoma swali hilo matwana ikimpeleka Majengo. Mfereji ulikuwa umerejea baada ya siku mbili, na Nyanya alikuwa uani, akimwaga yale maji ya kwanza yenye rangi ya chai.